Sura ya Saba: Kengele Isiyosikilizwa

Wamiliki wa majengo ya biashara wanapofikiria kubadilisha mfumo wa kengele ya moto, kwanza huhesabu miaka. Hesabu hiyo ina maana yake. Watengenezaji wengi wa ving'amuzi vya moshi hushauri vibadilishwe baada ya takriban miaka 10. Betri za akiba ndani ya paneli kuu hazitegemewi zaidi ya miaka minne au mitano. Na paneli yenyewe, ikitunzwa vizuri, inaweza kufika miaka 15. Lakini miaka inatueleza hali ya vifaa tu. Mfumo hufungwa ili watu walio ndani wapate dakika chache za kutoka kabla moshi haujaziba ngazi, na dakika hizo zinategemea mambo matano yanayofuatana: kifaa kiuone moto, paneli itaje mahali ulipo, sauti iwafikie watu, watu waelewe maana yake, kisha wainuke. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba wakati wa kubadilisha mfumo unafika pale moja ya mambo hayo matano linapokwama na matengenezo ya kawaida yakashindwa kulikwamua, hata kama mfumo una miaka mitatu tu. Na linalokwama mapema kuliko yote, ambalo fundi hana chombo cha kulipimia, ni lile la mwisho.

Kuinuka si jambo dogo. Mwaka 1968 wanasaikolojia wa Marekani Bibb Latané na John Darley walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila meneja wa jengo angepaswa kulijua. Waliwaketisha wanafunzi wa chuo katika chumba wajaze fomu, kisha wakapitisha moshi kwenye tundu la ukutani. Mwanafunzi aliyekuwa peke yake alitoka kwenda kutoa taarifa katika visa 75 kati ya 100. Alipoketishwa na watu wawili waliokwisha kuelekezwa wasijali chochote, ni mmoja tu kati ya 10 aliyetoka. Wengine wote walibaki wakikohoa, wakipunga moshi kwa mikono na kuendelea kujaza fomu. Hawakuwa wajinga wala hawakuwa vipofu. Kila mmoja alitazama uso wa mwenzake, akauona umetulia, akahitimisha kwamba hakuna hatari. Ikiwa moshi wenyewe, unaoonekana na kunusika, haukutosha kuwainua, sauti ya king'ora itafanyaje katika ofisi ya watu 40 ambako wote wanatazamana na wote wamekwisha kuisikia mara nyingi bila kuona moto? Guylène Proulx, mtafiti wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada aliyechunguza kwa miaka mingi mwenendo wa watu katika majengo yanayoungua, alitaja sababu zinazowafanya watu wapuuze kengele: hawaitambui kuwa ni ya moto, hawajui wafanye nini, hawaisikii, au wamekwisha kupoteza imani nayo kwa sababu ya milio ya uongo. Kati ya hizo nne, mbili zinaweza kutibiwa kwa mafunzo. Kutosikika na kupoteza imani mara nyingi huhitaji mfumo wenyewe uguswe.

Milio ya uongo ina chanzo kinachoeleweka. King'amuzi cha moshi cha aina ya mwanga kina chumba kidogo cheusi ndani yake, chenye taa ndogo upande mmoja na jicho upande mwingine, vimepangwa ili mwanga usilifikie jicho moja kwa moja. Moshi ukiingia, chembe zake hutawanya mwanga, sehemu yake hulipiga jicho, na kengele hulia. Sasa fikiria kifaa hicho kikiwa darini mwa ghala la nafaka au karakana ya mbao kwa miaka minane. Vumbi jepesi hutanda kwenye kuta za kile chumba cheusi, kuta huanza kuakisi mwanga, na kifaa kinasogea kidogo kidogo karibu na kiwango chake cha kulia hata pasipo moshi. Baada ya hapo mvuke wa birika, mdudu mdogo aliyepenya wavuni, au unyevu wa asubuhi ya masika unatosha kukiamsha. Mifumo ya kisasa, ambayo kila kifaa kina anwani yake na kinapeleka vipimo vyake kwenye paneli, huweza kufidia mabadiliko hayo kwa muda na kutoa taarifa mapema kwamba kifaa namba fulani kimechafuka. Mifumo ya zamani ya kanda haina uwezo huo. Inachojua ni kwamba mahali fulani katika ghorofa ya tatu, ambako kuna vifaa 20, kimoja kimelia. Fundi anafika, hajui ni kipi, anafuta viwili vitatu kwa kitambaa, anaondoka.

Watu nao hujitibu kwa njia zao. Atakayepita jikoni mwa hoteli na kuinua macho anaweza kukikuta king'amuzi kimevalishwa glavu ya mpira au mfuko wa plastiki uliofungwa kwa ukanda wa lastiki. Mpishi aliyefanya hivyo alikuwa na sababu yake: kifaa cha moshi kimewekwa mahali palipohitaji kifaa cha joto, na kilimkatiza kazi kila alipokaanga. Kwenye paneli mapokezini, king'ora kidogo cha kuashiria hitilafu kimezibwa kwa karatasi ya gundi ili kisiwasumbue wageni, na taa ya njano inayosema kanda namba nne imezimwa imewaka kwa muda mrefu hata hakuna anayeiona tena. Juu yake taa ya kijani inang'aa. Taa hiyo inasema jambo moja tu, kwamba umeme unaingia kwenye paneli.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kitabu cha kumbukumbu za paneli ni ushahidi mzito kuliko tarehe ya ununuzi. Paneli nyingi za kisasa huhifadhi kila tukio, na zile za zamani zinapaswa kuwa na daftari pembeni. Atakayeketi na kumbukumbu za mwaka mmoja atapata majibu ya maswali matatu: kengele imelia mara ngapi bila moto, kanda gani zimezimwa na kwa muda gani, na hitilafu ileile imejirudia mara ngapi baada ya fundi kusema ameitengeneza. Hitilafu inayojirudia mahali palepale baada ya matengenezo mawili au matatu ya kweli inaonyesha kwamba kifaa hakifai mahali hapo, au waya umeoza, au mfumo mzima hauwezi kutofautisha moto na maisha ya kawaida ya jengo. London imeonyesha mwisho wa safari hiyo. Nchini Uingereza kengele za uongo zimekuwa kama asilimia 40 ya matukio yote yanayohudumiwa na vikosi vya zimamoto vya England, na tangu Oktoba 2024 kikosi cha jiji la London kiliacha kuitikia wito wa kengele za otomatiki mchana katika majengo mengi ya biashara, isipokuwa mtu apige simu kuthibitisha kuna moto. Kikosi kimefanya hesabu na kuona magari yake yanahitajika kwingine. Uaminifu wa kengele ulipokwisha hata kwa wazimamoto, mfanyakazi wa ghorofa ya tano atalaumiwaje?

Jambo la pili linalopaswa kumwamsha mmiliki ni jengo kubadilika huku mfumo ukibaki ulivyo. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wa Nairobi ni mfano ulio wazi. Jengo lake la abiria lilifunguliwa mwaka 1978, likikusudiwa kuhudumia abiria milioni 2.5 kwa mwaka. Kufikia mwaka 2013 lilikuwa likipitisha takriban milioni sita. Maduka na ofisi ziliongezwa, na nyaya zilibebeshwa mzigo ambao waliolichora hawakuufikiria. Agosti 7 mwaka huo, kabla ya mapambazuko, moto ulizuka na kuteketeza ukumbi wa abiria wa kimataifa wanaowasili. Hakuna aliyekufa, na kwa hilo Kenya ilikuwa na bahati kubwa. Sisemi kwamba mfumo mpya wa kengele ungeuzima moto ule. Nasema kwamba jengo linalobeba zaidi ya mara mbili ya watu liliokusudiwa linahitaji ulinzi wake wote upimwe upya, na umri wa kifaa hiki au kile hauna nafasi katika hesabu hiyo.

Mabadiliko mengi ni madogo kuliko ya uwanja wa ndege, na kwa hiyo hayatangazwi. Ghorofa ya ofisi inakodishwa kuwa nyumba ya wageni. Ukumbi mmoja unakatwa kwa mbao na vioo kuwa vyumba sita, na king'amuzi kilichokuwa katikati sasa kinalinda kimojawapo tu. Chini, palipokuwa na benki, sasa pana ghala la magodoro ya sponji, bidhaa inayowaka kwa kasi na kutoa moshi wenye sumu. Sauti nayo hubadilika. Kiwango cha Uingereza kinachofuatwa na mafundi wengi wa Afrika Mashariki kinataka mlio usipungue desibeli 65 mahali watu wanapofanya kazi, na 75 kwenye mto wa kitanda mahali wanapolala. Mlango uliofungwa hupunguza sauti kwa desibeli 20 au zaidi. King'ora cha ukumbini kilichowatosha makarani wa mchana hakiwezi kumwamsha mgeni aliyelala nyuma ya mlango wa mbao, feni ikivuma. Kwa kulipima hilo hahitajiki mtaalamu wa gharama: kipimo cha sauti kinapatikana madukani, na dakika kumi usiku, milango ikiwa imefungwa, zinatosha kuonyesha chumba kipi hakifikiwi.

Umeme wa akiba ni mahali pengine ambapo mabadiliko hujificha, na hapa nataka tufanye hesabu pamoja, maana katika nchi zetu umeme hukatika na moto haungoji urudi. Kiwango kinachotumika sana kinataka betri ziweze kuubeba mfumo saa 24 bila umeme, kisha ziweze kuliza king'ora nusu saa. Tuseme wakati wa kufungwa paneli ilikula ampea 0.15 ikiwa imetulia na ampea 0.8 ikilia. Saa 24 ni ampea-saa 3.6, nusu saa ya mlio ni 0.4, jumla ni 4. Ongeza robo kwa ajili ya kuzeeka kwa betri na unapata 5. Betri ya ampea-saa 7, ile ya kawaida, inatosha na kubaki. Miaka inapita, wapangaji wanaongezeka, vifaa vipya vinaungwa, na sasa paneli inakula ampea 0.25 ikitulia na 1.5 ikilia. Hesabu ileile inatoa karibu ampea-saa 8.4. Betri bado ni ya 7. Hakuna taa itakayowaka kusema hivyo. Isitoshe, betri hizi za asidi zilizofungwa hupimwa kwa joto la nyuzi 25, na kanuni ya kawaida ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi hukata maisha yake kwa nusu. Kabati la paneli lililo chini ya ngazi zisizo na hewa, Mombasa au Dar es Salaam, hufika nyuzi 35 bila shida. Fungua mlango wake: kama ubavu wa betri umevimba na tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito inazidi miaka mitatu, tayari una swali la kumuuliza fundi.

Kuhusu vipuri sina mengi ya kusema. Mtengenezaji akiacha kutengeneza ving'amuzi vya paneli yako, na fundi wako akaanza kukuletea vilivyotolewa kwenye majengo mengine, muda umekwisha. Usingoje kimoja kife. Vivyo hivyo kwa njia ya mawasiliano: Marekani, kampuni za simu zilipozima mitandao ya kizazi cha tatu mwaka 2022, vifaa vya kengele vilivyoitegemea kupeleka taarifa kwenye vituo vya uangalizi vilikatiwa njia, ingawa kwenye ukuta vilionekana vizima.

Pingamizi kubwa zaidi dhidi ya haya yote linatoka Paris, na nalichukulia kwa uzito. Kanisa kuu la Notre-Dame lilikuwa na mfumo wa kisasa. Lilikuwa na ving'amuzi vingi, vyenye anwani, vilivyobuniwa mahususi kwa ajili ya paa lake la mialoni ya karne nyingi. Jioni ya Aprili 15, 2019, mfumo huo uliugundua moto mapema, kama saa 12:20. Kwa mujibu wa uchunguzi uliochapishwa na gazeti la The New York Times, ujumbe kwenye kioo ulitaja dari, ukumbi mkuu na sakristia kwa mkupuo mmoja, ukifuatiwa na msimbo mrefu wa herufi na tarakimu. Mfanyakazi aliyeusoma alikuwa na siku tatu tu katika kazi hiyo. Mlinzi akatumwa kwenye dari ya sakristia, jengo dogo la pembeni, akakuta hakuna kitu. Hadi ilipoeleweka kwamba ni dari ya kanisa lenyewe, na mlinzi akapanda ngazi zipatazo 300, karibu nusu saa ilikuwa imepotea. Zimamoto hawakuwa wamepigiwa simu, kwa sababu utaratibu ulitaka moto uonwe kwanza kwa macho. Je, hii haionyeshi kwamba kununua mfumo mpya ni kupoteza fedha?

Inaonyesha kwamba kununua peke yake ni kupoteza fedha. Ving'amuzi vya Notre-Dame vilifanya kazi yake. Kilichoshindwa ni ujumbe kueleweka, na mtu kuujua. Ndiyo sababu niliuweka uelewa ndani ya yale mambo matano tangu mwanzo, na sikuuacha kama suala la baadaye. Jengo ambalo paneli yake inasema "kanda 3" na ramani iliyobandikwa pembeni ni ya kabla ya ukarabati wa mwisho lina tatizo la aina ileile, na kulitibu kunaweza kugharimu karatasi, siku moja ya kazi na kuandika upya majina ya vifaa kwa maneno anayotumia mlinzi wa zamu: "stoo ya vitambaa, ghorofa ya pili, upande wa barabarani". Mmiliki akifanya hivyo na kufundisha kila anayekaa mapokezini, huenda akagundua kwamba paneli yake ya miaka tisa inafaa kuendelea. Kuna wauzaji wanaosukuma mfumo mzima mpya mahali panapohitaji ving'amuzi 15 kubadilishwa na viwili kuhamishwa. Hoja yangu haiwaungi mkono hata kidogo.

Wengine watasema jengo lao limepita ukaguzi. Ukaguzi ni wa lazima na nauheshimu. Tanzania ina Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, na Kenya kanuni zake za kupunguza hatari ya moto, za mwaka huohuo. Lakini cheti kinaeleza hali ya siku ile, na mkaguzi anabonyeza kitufe kimoja au viwili na kusikiliza. Hawezi kujua kwamba wafanyakazi huendelea kuandika barua pepe kengele inapolia. Hilo linajulikana kwa zoezi la kuhama jengo lisilotangazwa, na zoezi hilo linapaswa kuhesabiwa kama kipimo cha mfumo wenyewe. Ikiwa dakika tatu baada ya mlio nusu ya watu bado wameketi, hiyo ni hitilafu kama waya uliokatika, na iandikwe kwenye daftari lilelile.

Wapo pia wanaotegemea walinzi. Mlinzi macho ni msaada mkubwa, lakini anaona mahali alipo. Moto wa soko kuu la Kariakoo, usiku wa Julai 10, 2021, ulizuka biashara zikiwa zimekwisha kufungwa, na ule wa uwanja wa ndege wa Nairobi ulianza alfajiri. Moto unaoanza jengo likiwa tupu hupata muda wa kukua nyuma ya milango iliyofungwa, na katika stoo iliyojaa bidhaa dakika chache ndizo zinazotenganisha hasara ya rafu moja na hasara ya jengo. Kifaa kilicho ndani ya stoo hakilali na hakina zamu.

Inabaki gharama, na hapa sipendi maneno mepesi. Kubadilisha mfumo wa jengo la ghorofa sita ni fedha nyingi, na mmiliki mwenye mkopo wa benki ana haki ya kusita. Lakini si lazima kazi yote ifanyike kwa mkupuo. Nyaya zilizopo zikipimwa na kukutwa nzima zinaweza mara nyingi kutumika tena, na nyaya na mabomba yake ndiyo sehemu inayobomoa kuta na kuwasumbua wapangaji. Paneli inaweza kuja mwaka huu, na ving'amuzi vikafuata ghorofa kwa ghorofa, kuanzia mahali watu wanapolala na mahali penye bidhaa zinazowaka upesi. Jambo lisilokubalika ni kuushusha mfumo wa zamani kabla mpya haujajaribiwa. Kanuni za Marekani zinataka, mfumo ukiwa nje ya kazi zaidi ya saa nne ndani ya saa 24, jengo lihamwe au wawekwe watu maalumu wa kuzunguka kulikagua hadi mfumo urejee, na sioni kwa nini tujiwekee kiwango cha chini ya hicho. Katika mkataba, mmiliki adai kwa maandishi ramani ya vifaa vyote, hesabu ya betri, nakala ya programu ya paneli, na nywila zake. Kampuni inayobaki na nywila peke yake imemfunga mteja kwake, na siku itakapofunga ofisi, paneli ya miaka miwili itahitaji kung'olewa ukutani kwa sababu hakuna fundi mwingine anayeweza kuingia ndani yake kubadilisha jina la chumba kimoja.